Nusu kaputi: ukichomwa sindano ya usingizi, unakwenda wapi?

Muulize mzee yeyote Singida mjini, Kiomboi au Manyoni kuhusu oparesheni aliyofanyiwa miaka ya nyuma. Hatakwambia "nilipewa dawa ya usingizi". Atakwambia "walinipiga nusu kaputi". Neno hilo limo kwenye kamusi zetu, na chimbuko linalotajwa mara nyingi ni *kaputt* ya Kijerumani, yaani kilichoharibika au kilichokwisha. Nusu kaputi, kwa hiyo, ni nusu kufa. Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja wakaondoka, dawa zenyewe zimebadilika karibu zote, lakini neno limebaki.

Mimi nalipenda neno hili, ila linatisha watu. Kuna mama anayekataa kupelekwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya hiyo "nusu". Kuna mwingine anayemficha nesi kwamba alikunywa chai na viazi saa mbili zilizopita. Hofu zote mbili zinaweza kuua. Kwa hiyo hebu tulifuatilie neno hili tuone linasema kweli kiasi gani.

Kwanza tutenganishe mambo. Kiswahili kina maneno mengine mawili ambayo kitaalamu yanatusaidia sana. Ganzi ni pale sehemu fulani inapokufa hisia huku wewe uko macho: daktari wa meno anakuchoma ufizi, mdomo unakuwa kama si wako, lakini unamwona na unamsikia. Usingizi ni pale unapoondoka wewe mzima. Na hata huo "usingizi" ni jina la heshima tu, maana aliyelala kweli ukimfinya anaamka. Mgonjwa aliyepewa dawa hizi anatakiwa awe na mambo manne kwa pamoja: asijitambue, asikumbuke, mwili wake usipokee maumivu, na asitikisike. Kihistoria mambo hayo manne hayakupatikana kwa dawa moja wala kwa siku moja.

Kabla ya hapo watu walivumilia. Jando la makabila mengi ya hapa Tanzania lilijengwa juu ya uvumilivu huo huo: kijana anakatwa, wazee wanamwangalia usoni, akikunja uso habari zitafika kijijini kabla yake. Lakini usidhani Waafrika hawakutafuta njia ya kupunguza maumivu. Mfano unaojulikana zaidi duniani unatoka kwa majirani zetu wa Bunyoro, Uganda ya leo. Mwaka 1879, mahali panapoitwa Kahura, tabibu Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga wa pale akimfanyia upasuaji wa kujifungua msichana wa miaka kama ishirini, mimba yake ya kwanza. Felkin aliandika alichokiona na kukichapisha Edinburgh mwaka 1884. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Pombe hiyo hiyo mganga aliitumia kunawia mikono na kuoshea tumbo la mama. Akapasua kwa haraka, msaidizi akawa anachoma kwa chuma cha moto pale damu inapotoka, mtoto akatolewa, na jeraha likafungwa kwa vijiti saba vyembamba vya chuma vilivyozungushiwa nyuzi za magome ya mti, kisha likapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona. Mama na mtoto walikuwa hai.

Watu wakisimulia kisa hiki husifia ile pombe kunawia mikono, na wana haki. Mimi nataka uitazame pombe iliyonywewa. Kilevi hakikufanya kazi kwa "kumchanganya" mama tu. Kwenye ubongo kuna vipokezi vinavyopokea kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza seli za neva. Fikiria breki ya Fuso. Kuna vingine vinavyopokea glutameti, ambayo kazi yake ni kuzichochea: huo ndio mguu kwenye mafuta. Pombe inakaza breki na kulegeza mafuta kwa wakati mmoja. Karibu kila dawa ya usingizi ya hospitalini leo inagusa kimojawapo kati ya hivyo viwili. Mganga wa Bunyoro alikuwa ameshika kifaa sahihi. Shida ya pombe ni kwamba kipimo cha kumlaza mtu mpaka asisikie kisu kinakaribiana mno na kipimo cha kumzimisha pumzi. Juu ya hapo inatapisha. Ndiyo maana mama yule alileweshwa nusu tu, na inaelekea mganga alijua kwa nini anaishia hapo.

Huku kwingine mambo yalikuwa yameanza kugeuka. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari waliokusanyika, na daktari John Warren akamkata uvimbe wa shingoni bila kelele. Mwaka mmoja baadaye James Simpson wa Edinburgh akaleta klorofomu. Ilikuwa na harufu nzuri, haikuhitaji chombo chochote zaidi ya kitambaa, na haikushika moto. Lakini Januari 1848 binti wa miaka 15, Hannah Greener, alivutishwa klorofomu karibu na Newcastle ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Alikufa ndani ya dakika chache. Klorofomu, tulikuja kujua, inaweza kuuvuruga moyo ghafla. Etha ilikuwa salama zaidi kwa moyo na kwa pumzi.

Basi si tungetumia etha tu? Hapa ndipo jiografia ya Singida inapoingia.

Etha inachemka kwa nyuzi 35 hivi za Selsiasi, ukiwa usawa wa bahari. Singida mjini pako karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kila kimiminika kinachemka mapema kuliko Tanga. Ukipiga hesabu, etha hapo Singida inachemka karibu na nyuzi 30. Sasa kumbuka mchana wa Oktoba au Novemba kabla mvua hazijaanza, jua la Singida unalijua. Joto linafika hapo hapo. Yaani unafungua chupa na dawa inataka kuondoka yenyewe. Tena mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, na ukikutana na moto unalipuka. Chumba kinachomulikwa kwa karabai usiku si mahali pa etha. Klorofomu haichemki mpaka nyuzi 61 na haina tabia hizo za moto. Ndiyo maana nchi za joto ziliendelea kuipenda muda mrefu ingawa hatari yake ilijulikana.

Kilichosaidia kilitoka Oxford miaka ya 1950. Kilikuwa chombo kilichoitwa EMO, kifupi cha Epstein, Macintosh na Oxford. Jambo lake kubwa ni kwamba hakikuhitaji umeme wala mitungi ya gesi. Mgonjwa anavuta pumzi yake mwenyewe, hewa ya chumbani inapita juu ya etha na kubeba mvuke. Akishindwa kupumua, unampulizia kwa mvukuto wa mkono. Unajua mtungi wa udongo unavyopoza maji: maji kidogo yanageuka mvuke na kuondoka na joto. Etha nayo inajipoza hivyo hivyo inapogeuka mvuke, na ikishapoa mvuke unapungua na mgonjwa anaanza kuamka katikati ya kisu. EMO ilizungushiwa maji ndani yake ili yawe yanairudishia etha joto. Rahisi namna hiyo! Chombo hiki kilienea kwenye hospitali za misheni na za serikali Afrika nzima.

Na Singida ilikuwa nchi ya hospitali za misheni. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walianzisha tiba kule Iramba, Kiomboi na Iambi. Masista wa Kikatoliki wa Medical Missionaries of Mary wakaja Makiungu. Ng'ambo ya mpaka wa Mkalama, upande wa Mbulu, Wanorwe wakafungua Haydom mwaka 1955, na watu wa Singida wamekuwa wakienda huko mpaka leo. Katika hospitali za namna hii, daktari mmoja alikuwa ndiye mpasuaji, mzalishaji na mganga wa meno, na mtu wa usingizi mara nyingi alikuwa nesi au mhudumu aliyefundishwa kazini. Mwaka 1986 daktari Maurice King, aliyefanya kazi miaka mingi Afrika Mashariki, alihariri kitabu kizima cha usingizi kwa ajili ya hospitali za wilaya tu, kwa sababu vitabu vya Ulaya vilikuwa vinaeleza mashine ambazo mtu wa wilayani hakuwa nazo.

Ngoja nigeuke kidogo kwenye sayansi, maana swali la "unakwenda wapi" bado sijalijibu. Karibu mwaka 1900, watafiti wawili kila mmoja kivyake, Hans Horst Meyer (si yule Hans Meyer aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, usichanganye) na Ernest Overton, waligundua jambo la ajabu: kadiri dawa ya usingizi inavyoyeyuka vizuri kwenye mafuta ya zeituni, ndivyo inavyokuwa kali. Etha, klorofomu, zote zilifuata kanuni hiyo. Naamini alizeti ya Singida ingetoa jibu lile lile. Kwa kuwa utando wa seli ni mafuta, wanasayansi kwa miaka mingi waliamini dawa inalegeza utando huo tu. Kisha mwaka 1984 Nicholas Franks na William Lieb wa London walichukua protini inayompa kimulimuli mwanga wake, protini isiyo na utando wala mafuta yoyote, wakaiwekea dawa za usingizi. Mwanga ulififia, tena kwa kufuata ukali ule ule wa dawa. Kumbe zinashika protini moja kwa moja! Tangu hapo macho yamehamia kwenye vipokezi nilivyokutajia: breki na mafuta. Halotheni iliyokuja mwaka 1956, thiopentoni ya miaka ya 1930, propofoli nyeupe kama maziwa iliyoingia sokoni mwaka 1986, zote hizi hukaza breki ya GABA.

Lakini breki hiyo haiko kwenye fahamu peke yake. Shina la ubongo, linaloendesha pumzi, nalo lina breki. Kwa hiyo ukipewa dawa hizi pumzi inapungua au inakoma, ulimi unalegea na kuziba koo, mishipa ya damu inatanuka na presha inashuka. Mtu wa usingizi anakaa kichwani kwako muda wote kwa sababu hiyo: anapumua kwa niaba yako. Na kitu kingine kinacholegea ni mlango wa juu wa tumbo la chakula, pamoja na ile kawaida ya kukohoa kitu kikienda njia isiyo yake. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alichapisha hesabu ya akina mama 44,016 waliopita hospitalini kwake. Kati yao, 66 walipaliwa na vitu vya tumboni wakiwa chini ya dawa. Chakula kigumu kiliweza kuziba njia ya hewa papo hapo. Tindikali ya tumbo iliunguza mapafu. Mama mjamzito yuko hatarini zaidi kwa sababu tumbo limebanwa na uchungu unachelewesha chakula kushuka.

Sasa umeelewa kwa nini wanakuuliza "umekula saa ngapi?". Si nesi anakuonea. Kanuni ya kawaida kwa oparesheni iliyopangwa ni saa sita bila chakula na saa mbili bila maji. Ukiwa umekula, sema. Hawatakufukuza: watasubiri, au watabadilisha njia. Uongo mdogo hapo ni mbaya kuliko ugali wenyewe.

Kuna dawa nyingine ambayo nataka kuitaja kwa sababu ya majirani zetu wa Mkalama. Wahadzabe wanapaka mishale sumu ya mdagu, ule mti mnene wenye maua ya waridi, na ya jamii ya *Strophanthus*. Wageni wengi hudhani sumu hiyo ni sawa na kurare ya Amerika Kusini. Siyo. Sumu ya Wahadzabe inapiga moyo: inaziba pampu ya sodiamu ya seli za moyo mpaka mnyama anaanguka. Sumu ya namna hiyo kutoka bonde la Zambezi ilimfikia John Kirk, aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Mswaki wake uligusana na sumu hiyo, akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika, na kutokana nayo Ulaya ikapata dawa ya moyo. Kurare, kwa upande wake, haigusi moyo wala fahamu. Inakata mawasiliano kati ya neva na msuli, basi. Mnyama anakufa kwa kushindwa kupumua huku anajitambua. Tangu mwaka 1942, Harold Griffith alipoitumia Montreal, dawa za aina hiyo ndizo zinazotoa lile jambo la nne, kutotikisika. Na ndizo zinazofanya mashine ya kupumulia iwe lazima.

Hospitali ya wilaya ambayo haina mashine inafanyaje? Hapo ndipo ilipoingia ketamini. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na Calvin Stevens, ikaruhusiwa rasmi mwaka 1970. Yenyewe haikazi breki. Inaziba kipokezi cha glutameti, inakata waya ya mafuta. Ndani ya dakika moja hivi mgonjwa hayupo, lakini macho yako wazi na yanachezacheza, na anaendelea kupumua mwenyewe! Presha haishuki, mara nyingi inapanda. Kwa mama aliyepoteza damu nyingi hilo ni jambo kubwa. Inaongeza mate, na wakati wa kuamka wengine wanaona mambo: wanaelea, wanaongea na marehemu. Ndugu wakisikia maneno hayo wanashtuka na kuanza kutafuta mchawi. Ni dawa tu, na diazepamu kidogo inapunguza. Wenye presha ya juu au kifafa cha mimba kwa kawaida hawapewi.

Kwa sababu ya hayo maono, ketamini inatumiwa vibaya mitaani kwa wenzetu huko, hasa Asia. Mwaka 2015 China ilitaka Umoja wa Mataifa uiweke kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, ambalo limeiweka ketamini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 1985, walipinga: ukiibana hivyo, mikoa mizima ya dunia itabaki bila usingizi wa oparesheni. Pendekezo halikupita. Wanaosomea sera za afya wakija kwako na nadharia zao, waulize wangefanyaje Itigi usiku wa manane bila ketamini. Wataalamu wa usingizi duniani wanapendekeza angalau madaktari bingwa 5 wa fani yao kwa kila watu 100,000. Tanzania hatujafika hata 1.

Nimeacha mwisho sindano ya mgongo kwa sababu ndiyo inayowahusu wengi wenu. Mama akifanyiwa upasuaji wa kujifungua leo, kwa kawaida hii ndiyo chaguo la kwanza. Ilianza Kiel, Ujerumani, Agosti 1898. August Bier alitumia kokeni, kisha akataka kujua hali yenyewe ikoje. Alimchoma msaidizi wake Hildebrandt mgongoni, akampiga nyundo kwenye muundi, akamgusisha sigara ya moto. Hakusikia kitu. Wakaenda kula na kunywa mvinyo, na siku zilizofuata wote wawili wakaumwa kichwa vibaya, maana Bier naye alikuwa amechomwa na maji ya uti yalivuja mengi. Kichwa hicho bado kipo, ila sindano za leo ni nyembamba sana na kinatokea kwa wachache. Kinauma ukikaa au kusimama, na kinapungua ukilala. Kinatibika, mwambie daktari.

"Inavunja mgongo maisha yote"? Hapana. Uti wenyewe wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano inaingia chini ya hapo, penye maji na nyuzi za neva zinazoelea. Dawa, kwa kawaida bupivakeini iliyochanganywa na glukosi ili iwe nzito na izame, inaziba milango ya sodiamu kwenye neva, ujumbe unakwama. Maumivu ya mgongo baada ya kujifungua ni ya kawaida sana hata kwa waliozaa bila sindano, na tafiti zilizowafuatilia wanawake hazikukuta kwamba sindano hii inaleta maumivu ya kudumu. Inachofanya kweli ni kushusha presha, kwa sababu neva zinazobana mishipa ya damu nazo zinalala. Ukiona ghafla kichefuchefu au kizunguzungu pale kitandani, sema hapo hapo. Wanajua cha kufanya: dripu, kukuinamisha upande wa kushoto, na efedrini.

Kabla ya kisu, mtu wa usingizi atakupitishia pamba yenye spiriti tumboni na kuuliza, "Unasikia baridi?" Usijibu ili kumfurahisha. Nyuzi zinazobeba baridi na maumivu ni nyembamba na zinazibwa mapema. Zile za mguso ni nene, zinachelewa. Kwa hiyo baridi ikipotea, maumivu nayo yamepotea, lakini mguso unaweza kubaki kiasi. Utasikia mikono ikisukuma, utasikia kuvutwa mtoto anapotoka, na huo ni mguso. Ukisikia kuchomwa au kukatwa, hilo ni jambo lingine: piga kelele, wataongeza dawa.